Mafia: utulivu wenye walinzi

Ghuba ya Chole, upande wa mashariki wa Kisiwa cha Mafia, haina haraka na mtu. Maji yakijaa, mashua hupita huku na huku kati ya kijiji cha Utende na kisiwa cha Chole zikiwa na watu, baiskeli, magunia ya unga na kuku ndani ya chombo kimoja. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, bahari hujivuta mbali, mafungu ya mchanga hutokeza na vyombo hulala ubavu vikingoja. Mgeni aliyefika na ratiba ya saa na dakika ataambiwa kwa upole kwamba watavuka maji yakija. Hapo hapana la kubishana. Nimewaona watu wa mjini wakihangaika mwanzoni, wakitazama simu, wakipiga hatua za bure mchangani. Kisha wanakubali kuketi chini ya mkungu, wanaletewa madafu, na kabla mashua haijaelea wengine wameshapitiwa na usingizi.

Kwangu mimi hiyo ndiyo likizo. Kutoka Dar es Salaam ndege ndogo hukufikisha Mafia kwa muda wa nusu saa hivi, lakini akili iliyozoea foleni na ujumbe wa kazini huchelewa kuwasili. Mafia huingoja. Hakuna msururu wa magari ya watalii, muziki wa usiku kucha haupo, na giza likiingia ni giza kweli, na nyota zinaonekana zote. Unachokisikia ni kengele ya baiskeli, adhana, na upepo kwenye makuti.

Ninachotaka msomaji akijue kabla hajafunga begi ni kwamba utulivu huo una wenyewe. Wapo wanaoulinda kila siku, wengi wao wakiwa wavuvi na wakulima wa kawaida, na wapo walioacha sehemu ya riziki yao ili ubaki. Ukienda bila kulijua hilo utapumzika, ndiyo, lakini utakuwa umepita tu.

Mafia iko Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Kisiwa kikubwa kina urefu wa takribani kilomita 50, kuanzia Ras Kisimani kusini magharibi hadi Bweni na mnara wa taa wa Ras Mkumbi kaskazini. Kusini mashariki vimekaa visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Wengi wetu tunaijua Mafia kwa mizigo yake: nazi, pweza na samaki wanaoshushwa soko la Feri, Dar es Salaam, alfajiri. Wachache tumewahi kufika. Wazungu wa kupiga mbizi wameijua siku nyingi, na ukikaa Utende juma zima unaweza usikutane na mgeni mwingine anayezungumza Kiswahili. Hilo linaniuma, kwa sababu kisiwa ni chetu na lugha ni yetu, na mazungumzo ya barazani ndiyo nusu ya raha ya mahali hapo.

Njia ni mbili. Ukiruka kwa ndege, chagua kiti cha dirishani: dakika chache baada ya kuiacha Dar utaiona delta ya Rufiji yote, mikono ya mto ikijigawa katikati ya msitu mkubwa wa mikoko, maji ya udongo yakiingia kwenye bahari ya buluu. Njia ya pili ni ya nchi kavu na maji. Unashika Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala, unafika Bungu, unakata kushoto kwenda Nyamisati, na hapo unapanda kivuko kwenda Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Ni safari ndefu, lakini mimi naipenda zaidi. Chombo kinatoka polepole kati ya mikoko, ndege weupe wametua kwenye mizizi, kisha ukingo unafunguka na bahari inakupokea. Angalizo langu ni moja: panda chombo kilichosajiliwa, vaa jaketi la kuokolea, na ukiona abiria na mizigo vimezidi, ngoja kingine. Miezi ya kusi bahari ya hapo huchafuka, na wenyeji wenyewe huiheshimu.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni barabara ya lami ya kilomita 15 hivi, kati ya minazi na mikorosho. Kabla hujafika Utende kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Miaka ya nyuma baruti zililipuliwa katika maji haya. Mvuvi alirusha chupa, samaki wakaelea matumbo juu, akaokota aliowahi na wengine wakazama. Mwamba wa matumbawe uliochukua mamia ya miaka kujijenga ulibaki kifusi kwa sekunde chache, na samaki hawakurudi, kwa kuwa hawakuwa tena na pa kujificha wala pa kuzalia. Makokoro yenye matundu madogo yalizoa hata vifaranga vya samaki. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ikapitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na zaidi ya aina 400 za samaki zimeorodheshwa humo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hifadhi hii haikuwahamisha watu. Chole, Juani, Jibondo, Utende na vijiji vingine vimo ndani yake, na watu wanaendelea kuvua. Bahari imegawanywa: yapo maeneo ambayo haruhusiwi mtu kutoa hata kome mmoja, yapo ya kuvuliwa kwa mitego na mishipi iliyokubaliwa, na yapo ya matumizi ya kawaida. Kwenye ramani hilo husomeka vizuri. Kwa mvuvi wa Jibondo, ambaye kisiwa chake ni jabali, mashamba ni haba na maji ya kunywa kwa miaka mingi yaliletwa kwa mashua au kukingwa mvua ikinyesha, kuambiwa kwamba fungu alilovua babu yake sasa halivuliwi ni habari nzito. Malalamiko yalikuwepo, tena makali, na mengine yapo hadi leo. Sioni haya kuyataja katika makala ya mapumziko. Mgeni anayeogelea juu ya mwamba wenye samaki tele anaogelea juu ya kitu ambacho mtu fulani amekubali kukiacha.

Wakati huo huo wenyeji wameiona faida kwa macho yao. Chukua pweza. Huyu hukua upesi mno na maisha yake ni mafupi, hivyo mwamba ukifungwa miezi michache tu, siku ya kuufungua kina mama na vijana hurudi na pweza wakubwa ambao kabla ya hapo hawakuonekana. Utaratibu huo umetumika Pemba na pia katika ukanda wa Mafia na Kilwa, na unakwenda na kanuni ambazo kijiji chenyewe kinazisimamia. Hakuna elimu ya darasani inayoshinda siku ya kupima mzigo kwenye mizani.

Sasa tuvuke kwenda Chole. Kisiwa ni kidogo kiasi kwamba utakizunguka kwa miguu bila kuchoka, na gari hakuna. Ukishuka unakutana na kuta za mawe na chokaa zilizokumbatiwa na mizizi ya miti hadi hujui ukuta unaishia wapi. Hapa palikuwa mji. Ulikua katika karne ya 19, wakati wa utawala wa Zanzibar, kisha Wajerumani wakakitwaa kisiwa mwaka 1890 na kuweka ofisi zao hapa, kabla ya kuhamia Kilindoni, ambako meli zilipata maji ya kutosha. Mapema mwaka 1915 Waingereza waliiteka Mafia na kuifanya kituo cha kuisaka meli ya kivita ya Kijerumani ya Königsberg, iliyokuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Ndege ziliruka kutoka Mafia kuielekeza mizinga, na Julai mwaka huohuo meli ile ikaishia matopeni. Ukiwa umekaa Chole leo unakula embe, ni vigumu kuamini kwamba vita vya dunia vilipita hapa.

Njia ya Chole inapita chini ya mibuyu na miembe mikubwa. Salimia kila unayemkuta. Mzee ataitikia marahaba na kukuuliza habari za utokako, na akishajua umetoka Tanga, Kigoma au Mombasa mazungumzo hayaishi upesi. Barazani kina mama wanasuka ukili wa mikeka, mikono inakwenda yenyewe huku macho yako kwa mgeni. Mkeka wa Mafia unasifika pwani nzima. Ukitaka kununua, nunua hapo kwa aliyeusuka, na usimkandamize bei.

Pwani kuna mafundi wa vyombo, na hapo ndipo ninapokushauri ukae muda mrefu kuliko popote. Chombo kimesimamishwa kwenye magogo, mataruma yake yako wazi kama mbavu za ng'ombe. Fundi mmoja anachonga ubao kwa tezo, vipande vinaruka karibu na vidole vyake vya miguu na hatazami. Mwingine ameshika keekee: upinde wenye kamba iliyozungushwa kwenye kijiti, anauvuta na kuusukuma, na ncha inazama ndani ya ubao bila umeme wala kelele. Anatoboa, anapulizia unga wa mbao, anaingiza msumari. Baadaye watatia kalafati, pamba ikishindiliwa kwenye kila mwanya kwa nyundo, na nje watapaka mafuta ya sifa na shahamu ili maji yasipenye. Ramani ya karatasi hakuna. Vipimo viko jichoni mwa fundi, naye amevipokea kwa aliyemfundisha. Nilimuuliza mmoja wao chombo kama kile kinachukua muda gani. Akasema inategemea mbao na fedha za mwenye chombo, akaendelea kutoboa.

Magharibi ikikaribia, popo wa Chole wanaamka. Si popo wa darini. Hawa ni wakubwa, mabawa yakikunjuliwa ni mapana kuliko urefu wa mkono wa mtu mzima, uso umechongoka kama wa mbweha na manyoya ya shingo yana rangi ya dhahabu. Ni jamii inayopatikana Visiwa vya Komoro, na kwa Tanzania ni hapa Mafia tu. Mchana kutwa wananing'inia kwenye miti mikubwa wakigombana na kujipepea, jua likizama wanajiachia mmoja mmoja, kisha makundi, kwenda kutafuta matunda kisiwa kikubwa. Miti wanayolalia hailindwi kwa uzio. Wanakijiji wameamua isikatwe na popo wasipigwe mawe, basi. Popo naye analipa kwa kueneza mbegu za miti ya matunda na ya msituni.

Siku nyingine panda mashua hadi Juani kuyaona magofu ya Kua. Misikiti, makaburi na jumba la mtawala yamesimama ndani ya kichaka. Mji huu ulistawi sana katika karne ya 18, ukavunjwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliokuja na mitumbwi kutoka Madagaska, wakaua na kuchukua mateka. Waliosalia walitawanyika, na Chole ikainuka baada ya Kua kuanguka. Masimulizi ya uhasama wa Kua na mji wa Kisimani ni ya kutisha. Mwache mwenyeji akusimulie papo hapo, maana anayo kwa utamu wake. Nenda na kiatu kigumu na maji ya kunywa.

Upande wa pili wa Juani, unaotazama bahari kuu, ndiko kasa wanakopanda usiku kutaga. Jike huchimba shimo kwa makasia yake ya nyuma, hutaga mayai yapatayo mia moja au zaidi, hulifukia na kurudi majini asirejee tena kuyaangalia. Baada ya miezi miwili hivi makinda hutoka. Zamani mayai yalichimbuliwa yakaliwa, na kasa mwenyewe akageuzwa chali akawa kitoweo. Leo wapo vijana na watu wazima wa kisiwani waliofunzwa kwa ushirikiano na shirika la Sea Sense, wanaopita ufukweni alfajiri, wanahesabu nyayo na kuhamisha viota vilivyo karibu mno na maji. Siku ya makinda kutoka, wageni hualikwa kutazama. Nimemwona mtu mzima, baba wa watoto, amepiga magoti kwenye mchanga anamfuata kwa macho kinda mmoja wa saizi ya kisanduku cha kiberiti mpaka wimbi likamchukua, na hakutaka kuzungumza na mtu.

Na kama una bahati ya kufika kati ya Oktoba na Machi, toka asubuhi kwa mashua kutoka Kilindoni umtafute papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hana madhara kwa mtu. Chakula chake ni uduvi na viumbe vidogo anavyovichuja kwa kupitisha maji mdomoni. Nahodha anasimama mbele akitazama ndege wanaoinama juu ya maji, kwa sababu penye uduvi ndipo penye dagaa, ndege na potwe. Ghafla unaona kivuli chini ya mashua, mgongo wa kijivu wenye madoa meupe, mpana kuliko meza ya kulia watu wanane, ukipita taratibu. Madoa hayo hayafanani kwa potwe wawili, na watafiti huwatambua kwa picha za ubavu wao. Waliofungwa vifaa vya kufuatilia wameonyesha kwamba wengi hawaondoki Mafia hata msimu ukiisha: husogea tu mbali na ufuko na kwenda kina kirefu. Maana yake potwe wa Mafia ni wakazi, sawa na watu wa Kilindoni wanaotega nyavu jirani nao. Wavuvi hao wakimzingira kwa bahati mbaya, humfungulia. Nawe ukiwa majini usimguse wala usimkatize njia. Mwendesha mashua atakayekuahidi vingine mwache, tafuta mwingine.

Chakula sitakisifu sana, nisije nikamaliza karatasi. Wali wa nazi, changu wa kuchoma, pweza wa mchuzi mzito, vitumbua vya asubuhi. Kilindoni karibu na soko mama ntilie wanapika kwa bei ambayo mshahara wa kawaida unaiweza. Hili nalitaja kwa sababu wengi huamini Mafia ni ya wenye dola tu. Hoteli za bei kali zipo, na zina wateja wake. Lakini nyumba za kulala wageni za kawaida zipo Kilindoni, na Utende kuna vibanda vya wenyeji safi na vya heshima, godoro na chandarua, bahari mlangoni. Mwenyeji wako ndiye atakayekupatia mashua, na fedha yako italala kisiwani badala ya kurudi mjini usiku uleule.

Bahari ya Mafia haina kinga dhidi ya yote. Joto la mwaka 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi ukanda huu, na mengine yamechukua miaka kurejea. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia. Mwamba ulio hai, mikoko iliyosimama na ufuko usiochimbwa mchanga ndivyo vinavyopunguza makali ya mawimbi, kwa hiyo ulinzi ninaousema hapa unahusu pia nyumba za watu.

Kwa mwenye nia ya kwenda, epuka Aprili na Mei, miezi ya masika. Kasa fuatilia katikati ya mwaka, potwe mwisho wa mwaka hadi Machi. Chukua fedha taslimu. Benki ipo Kilindoni, Chole haipo. Mafia ni kisiwa cha Waislamu wengi: vazi la kuogelea ni la ufukweni, kijijini jistiri, na kabla ya kumpiga mtu picha muombe. Taka zako za plastiki rudi nazo. Ukiuziwa magamba ya ng'amba au makombe yaliyotolewa yakiwa hai, kataa hata kama bei ni ya kutupa.

Na getini lipa kiingilio cha hifadhi bila kunung'unika, kisha dai risiti. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wa mbali, na sehemu ya mapato imepangwa kurudi vijijini. Ukifika Chole au Juani, waulize viongozi wa kijiji fedha hizo zimefanya nini mwaka huu. Ni swali ambalo wenyeji wanataka liulizwe na Watanzania wenzao, na watalijibu kwa urefu.